Vitabu Vitatu vya Njia Moja

Wazazi wa Kilosa na Mikumi wametuuliza kama yafaa nyumba ya Kikristo kusoma vitabu visivyo vya dini, hasa hadithi, kwa kuwa, wasema, hadithi ni uongo. Twataka kuwajibu kwa vitabu vitatu, maana vyote vyatueleza habari za njia iliyopita katika nchi yetu.

Zamani misafara ya Bagamoyo ilifuata bonde la mto Mkondoa hapa Kilosa, ikipanda kwenda Mpwapwa na bara. Nguo na shanga zilipanda. Pembe za ndovu zilishuka, na pamoja nazo watu waliofungwa minyororo. Watoto wa Mikumi watazamao malori yakikata mbuga iliyotengwa mwaka 1964 hawatayajua hayo wasiposomewa.

Kitabu cha kwanza ni maisha ya Hamed bin Muhammed, aitwaye Tippu Tip, mfanya biashara wa Unguja aliyefariki mwaka 1905. Aliyasimulia mwenyewe kwa Kiswahili. Humo mna safari, mali na vita. Lakini sauti za waliouzwa ni shida kuzisikia. Tukisome, tujue jinsi mtu mwerevu awezavyo kuzoea dhambi hata asiione.

Cha pili ni *Uhuru wa Watumwa* cha James Mbotela, kilichopigwa chapa mwaka 1934. Chaeleza jinsi watu walivyotekwa, wakaokolewa, wakakaa Freretown karibu na Mombasa. Hapo walionyamazishwa wapata kinywa.

Cha tatu ni *Peponi*, riwaya ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Aliitoa kwa Kiingereza mwaka 1994, na Ida Hadjivayanis akaifasiri mwaka 2022. Ni kitabu cha watu wazima. Mzazi akisome kwanza. Yusuf ni kijana atolewaye na babaye kwa tajiri kwa ajili ya deni, naye aenda bara na msafara. Yusuf huyo hakuwako duniani, lakini watoto waliowekwa rehani walikuwako. Je, huo ni uongo? Nabii Nathani alipomwendea Daudi alianza kwa hadithi ya maskini na kondoo wake mmoja. Angalianza kwa kumkemea, labda mfalme angalijitetea. Hadithi ilimfungua moyo, akatubu.

Siku moja mtoto alituuliza darasani, "Mwalimu, wazee wetu walikuwa katika waliofungwa, au katika waliofunga?" Tulinyamaza, maana katika benchi moja la kanisa huenda wameketi wajukuu wa hawa na wa hawa. Baadaye tuliona haya kwa kunyamaza kwetu. Jeraha lililofunikwa haliponi, na msamaha wahitaji kujua kinachosamehewa.

Basi, enyi wazazi, baada ya sala ya jioni mmoja asome kurasa mbili kwa sauti, kisha babu na bibi waulizwe waliyoyasikia kwa wazee wao. Nanyi walimu, yaandikeni maneno yao katika daftari, kwani wazee hao nao ni vitabu, na kitabu cha namna hiyo huzikwa pamoja na mwenyewe.

Wahenga walisema, mwacha asili ni mtumwa. Nasi Bwana ametuita tuwe huru.