Fahamu: Kwa nini riwaya za mapenzi humpeleka mwanamke ugenini?

Amefiwa au ameachwa. Anafungasha na kwenda asikojulikana. Riwaya nyingi za mapenzi za Marekani huanzia hapo. Katika Virgin River ya Robyn Carr (2007), Mel, mkunga mjane, anatoka Los Angeles kwenda kijiji cha milimani kaskazini mwa California. Netflix iliifanya tamthilia mwaka 2019. Ugenini hana ndugu wala mazoea ya kujifichia. Analazimika kuomba msaada, na penzi hupenya hapo.

Katika Funny Story ya Emily Henry (2024), Daphne anaachwa na mchumba kwenye mji wa Michigan aliouhamia kwa ajili yake. Huyu ananigusa zaidi: kabla ya mpenzi mpya, tayari ana kazi anayoipenda, ukutubi wa watoto.