Fahamu: Kwa nini baadhi ya tableti hazina GPS
iPad zinazouzwa mtaani Eastleigh, Nairobi, ni za aina mbili: ya laini ya simu na ya Wi-Fi pekee. Ya laini ina kipokezi cha GPS. Ya Wi-Fi haina. Dukani First Avenue tofauti haionekani, maana zote mbili huonyesha kidoa cha buluu kwenye ramani. Ya Wi-Fi hukisia mahali ilipo kwa kutambua mitandao ya Wi-Fi iliyo karibu, na Eastleigh imejaa mitandao hiyo. Lakini ndani ya basi la kwenda Garissa, ukishapita Mwingi, kidoa chake hukwama kwa kukosa mitandao hiyo. Yenye GPS huendelea hata bila laini wala bando, kwani hupokea mawimbi ya setilaiti zilizo kilomita 20,200 hivi angani, mradi ramani imepakuliwa mapema. Tableti nyingi za Android zisizo na laini zina GPS, lakini si zote.