TUZISOME LENZI (4): Herufi T ina wenyewe watano

Juma hili mabango ya simu mpya yametanda mjini, na magazeti nayo yamepambwa na picha ya mgongo wa simu ulioandikwa ZEISS T*. Wasomaji wa safu hii wameniuliza: hiyo T yenye nyota ni kitu gani, na je, inastahili bei yake? Swali limekuja wakati wake. Katika sehemu tatu zilizotangulia tulimalizana na namba: milimita za urefu wa fokasi, namba ya f, na kile kiduara chenye mkwaju kinachotaja kipenyo cha filta. Sasa tunaingia kwenye herufi, na hapa pana mtego. Hamsini ni hamsini kwa Mjerumani na kwa Mjapani, lakini herufi ni mali ya aliyeiandika. Usipomjua mwandishi, utaisoma kombo.

Tuanze na T ya Zeiss, maana ina kisa. Mwishoni mwa karne ya 19 Mwingereza Harold Dennis Taylor, yule aliyebuni lenzi ya Cooke yenye vioo vitatu, aligundua jambo lililokwenda kinyume na akili za wengi: lenzi kuukuu iliyofifia uso kwa umri ilipitisha mwanga mwingi kuliko mpya inayong'aa. Kilichodhaniwa ni uchakavu kilikuwa utando mwembamba uliopunguza mwanga unaorudishwa nje.

Hasara hiyo si ndogo. Kila uso wa kioo unaokutana na hewa hurudisha takriban asilimia 4 ya mwanga. Lenzi ya Tessar, iliyotoka kiwanda cha Zeiss mjini Jena, Ujerumani, mwaka 1902 kwa mikono ya Paul Rudolph, ina nyuso sita za namna hiyo. Zaidi ya moja ya tano ya mwanga haifiki kwenye filamu. Planar, ambayo Rudolph huyohuyo aliibuni mwaka 1896, ina nyuso nane, na inapoteza zaidi ya robo. Tena mwanga uliopotea hautulii. Hurandaranda baina ya vioo, kisha sehemu yake huangukia picha na kugeuza cheusi kuwa kijivu. Kwa sababu hiyo Planar, lenzi bora kwenye karatasi za mahesabu, ilikaa miaka mingi bila wapenzi.

Aliyeikomboa ni Alexander Smakula, mzaliwa wa sehemu ambayo leo ni Ukraine, aliyekuwa akifanya kazi Jena. Mwaka 1935 Zeiss ilipata hataza ya njia yake: unavukiza madini ndani ya chombo kisicho na hewa mpaka yatande juu ya kioo, unene kama sehemu moja ya elfu kumi ya milimita. Mwanga unaorudi kutoka juu ya utando na ule unaorudi kutoka kwenye kioo chini yake hupishana hatua na kuuana. Jeshi la Ujerumani likaifanya siri ya vita. Lenzi hizo zilipoonekana hadharani zilikuwa na T nyekundu kwenye pete ya mbele, kwa maana ya kupitisha mwanga. Nyota iliongezwa miaka ya 1970, utando ulipokuwa wa tabaka nyingi.

Lakini hata mjini Jena kwenyewe T hiyo ilipata mwenzake. Aprili 1945 jeshi la Marekani liliuteka mji. Julai likawaachia Warusi kama walivyopatana. Kabla ya kuondoka, Wamarekani walichukua makumi ya wataalamu wa Zeiss na wa kiwanda cha vioo cha Schott wakawapeleka magharibi, na kampuni ikaanza upya Oberkochen. Zikawa Zeiss mbili, ya Jena upande wa mashariki na ya Oberkochen upande wa magharibi, zinazogombania jina moja mahakamani, nchi baada ya nchi, mpaka zilipopatana London mwaka 1971. Matokeo ya ugomvi huo unaweza kuyashika mkononi. Ninayo lenzi iliyotengenezwa mashariki kwa soko la magharibi. Haina neno Zeiss wala Tessar. Imeandikwa tu: aus Jena T 2.8/50. Hapa T si utando. Ni Tessar iliyokatwa kichwa na mawakili. Jina lilizuiwa, kioo kikabaki kilekile. Wapo watu walioipita lenzi hiyo sokoni, kisha wakalipa mara kadhaa kwa ndugu yake aliyeandikwa jina kamili. Umaarufu una kodi yake, na asiyesoma ndiye anayeilipa.

T wengine watatu niwataje haraka. Nippon Kogaku walipotoa kamera ya Nikon F mwaka 1959, herufi baada ya jina Nikkor ilihesabu vioo vya ndani kwa Kilatini na Kigiriki: T vitatu, Q vinne, P vitano, H sita, S saba. Nikkor-P ya 105mm f/2.5 ilikueleza tumbo lake kabla hujalipa. Uungwana huo uliachwa miaka ya 1970. Kwenye lenzi za sinema, T husimama mahali pa f: f ni hesabu ya tundu, T ni mwanga uliopimwa ukitoka, kwa hiyo lenzi ya f/1.4 huweza kuwa T1.5. Na kwenye shata kuukuu zinazozunguka lenzi, T ni amri: bonyeza ifunguke, bonyeza tena ifunge.

Nafasi inaniishia, nirudi kwenye simu. T* ni utando wa kweli na una faida, hasa ukipiga picha taa za usiku. Lakini leo karibu kila lenzi ina utando. Isogeze chini ya taa utazame taa inavyoakisiwa: ikionekana ya zambarau, kijani au kahawia, utando upo; ikibaki nyeupe tupu, haupo. Jaribio hilo halina gharama. Kilichonikera kwenye bango ni milimita. Simu nyingi hujitangaza kuwa na lenzi ya 24mm, ilhali urefu wake halisi ni milimita 6 au 7. Hiyo 24 ni ulinganisho na kamera kubwa. Kwa f/1.8, tundu lake halifiki milimita 4, wakati lenzi ya 50mm yenye f/1.8 ina tundu la milimita 28 hivi. Mtengenezaji anayeona fahari kuandika jina la watu aandike na kipimo chake mwenyewe.

Nanyi vijana wa picha za harusi mnaokimbilia pete nyekundu ya Canon, someni kwanza herufi zilizoandikwa kwenye lenzi. EF-S haiingii kwenye kamera ya fremu nzima, hata muuzaji aape. IS, VR, OSS, VC na OS zote ni kazi moja, kutuliza mtikisiko, ila kila kampuni imeipa jina lake. Kabla ya kuuliza bei, muulize muuzaji herufi hii ni ya nani. Akishindwa kujibu, mwache akauze chaja.

Sehemu ya tano: namba za usajili, na jinsi ya kuitambua lenzi iliyobadilishwa pete.