Panda nyanya mlangoni, lakini jihadhari na sumu

JE, umewahi kununua nyanya sokoni ukazikuta zina unga mweupe kwenye ngozi? Mara nyingi hayo huwa mabaki ya dawa ya kuzuia ukungu. Nyanya hushambuliwa upesi na magonjwa, hasa wakati wa mvua na baridi, na pia na wadudu kama Tuta absoluta aliyeingia nchini mwaka 2014. Mkulima hulazimika kunyunyiza dawa. Hatari huzuka anapozichuma kabla ya kwisha kwa siku za kungoja zilizoandikwa kwenye mkebe wa dawa hiyo.

Kuosha nyanya kwa maji yanayotiririka huku ukizisugua huondoa uchafu na sehemu ya dawa iliyo juu ya ngozi. Hata hivyo, ziko dawa zinazopenya hadi ndani ya mmea, na hizo hazitoki kwa kuoshwa. Kwa sababu hiyo, yafaa mkazi wa mjini apande miche michache yake mwenyewe, hata kama ana roshani tu au uga mdogo wa ploti.

FAIDA MWILINI

Gramu 100 za nyanya mbichi zina takriban miligramu 14 za vitamini C, karibu theluthi moja ya kiasi anachohitaji mtu mzima kwa siku. Vitamini hii huusaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyo katika maharagwe na sukuma wiki. Basi sahani ya githeri ikiandamana na kachumbari humfaa sana mama mjamzito aliyepungukiwa na damu, pamoja na vidonge anavyopewa kliniki.

Nyanya iliyopikwa kwa mafuta kidogo hupoteza sehemu ya vitamini C, lakini likopeni, ile rangi yake nyekundu, hufyonzwa vizuri zaidi. Kula za aina zote mbili. Usidanganywe, hata hivyo, kwamba nyanya hutibu saratani. Aidha, mgonjwa wa figo aliyeagizwa kupunguza potasiamu amuulize daktari wake kwanza, na anayesumbuliwa na kiungulia asizidishe.

JINSI YA KUPANDA

Tafuta ndoo au mtungi wa plastiki wa lita 20 uliokuwa na mafuta ya kupikia. Toboa mashimo chini. Usitumie mkebe wa rangi, wa dawa ya wadudu au wa mafuta ya gari. Rangi za zamani huweza kuwa na risasi, madini yanayodhuru ubongo wa mtoto.

Changanya udongo na samadi iliyooza kabisa, isiyonuka wala kutoa joto. Samadi mbichi hubeba viini vya kuhara na mayai ya minyoo. Panda mche mmoja katika kila ndoo, mahali panapopata jua saa sita au zaidi kwa siku. Chini ya ukingo wa paa ni bora, kwa kuwa majani yakilowa mvua ukungu huingia haraka. Simika kijiti, ufunge mche kwa kamba laini.

Mwagilia shinani, si majanini, tena kwa utaratibu. Ukiuacha mmea ukauke kisha uufurikishe, nyanya huoza na kuwa nyeusi upande wa chini. Katu usitumie maji ya mtaro. Humo mna viini vya homa ya matumbo na kipindupindu. Pia usiache maji yatuame kwenye sahani iliyo chini ya ndoo. Mbu wanaoeneza homa ya dengi, iliyozuka Mombasa mwaka 2013, huzaana katika maji kama hayo.

Utaanza kuchuma baada ya takriban miezi miwili na nusu hadi mitatu tangu kuhamisha mche.

DAWA NYUMBANI

Kwa miche mitatu au minne huhitaji sumu. Ng'oa majani yenye mabaka uyatupe mbali, na wadudu wadogo uwaoshe kwa kijiko kidogo cha sabuni ya maji katika lita moja ya maji.

Nasisitiza haya kwa sababu watu wengi hununua dawa iliyopimwa kidogo kidogo na kutiwa katika chupa ya soda. Mtoto huiona chupa, akadhani ni kinywaji. Dalili za sumu ya aina hii ni kutokwa na jasho na mate mengi, machozi, kutapika, kuhara, mboni za macho kuwa ndogo kama ncha ya sindano, na kupumua kwa shida.

Hilo likitokea, usimtapishe wala usimpe maziwa. Mvue nguo zilizomwagikiwa, umwoshe ngozi kwa sabuni na maji mengi huku umejikinga mikono, kisha umkimbize hospitalini mara moja. Beba chupa au mkebe wa dawa ili daktari ajue amekunywa nini. Msaada huu wa kwanza wafundishe wote nyumbani, hasa yule anayebaki na watoto mchana.