Bwana Spika Atoa Umeme

Wanangu, leo nawaletea Bwana Spika. Ametolewa kwenye redio mbovu. Hana betri, wala waya wa ukutani. Kinywa chake ni karatasi nyeusi, na mgongoni amebeba sumaku nzito. Haya, msikilizeni.

"Kazi yangu mnaijua," asema. "Umeme unaingia, sauti inatoka. Lakini ninayo kazi nyingine. Nisukumeni kinywa, nitawapa umeme!"

"Mjomba, umeme huo anautoa wapi?"

Swali zuri hilo! Michael Faraday wa London naye alihangaika miaka mingi akitaka kupata umeme kutoka kwenye sumaku. Mwaka 1831 akafaulu, na siri yake ndiyo hii aliyonayo Bwana Spika. Nyuma ya karatasi yake pana koili, yaani waya mwembamba wa shaba uliozungushwa mara nyingi. Koili hiyo imeingia kwenye upenyo mdogo wa sumaku, wala haigusi pembeni. Ukibonyeza karatasi, koili inasogea. Waya ukisogea penye sumaku, umeme unaamka. Waya ukitulia, umeme unalala. Kusogea, wanangu. Kusogea!

"Kwa hiyo anafanya kazi kinyumenyume?"

Umenena, mwanangu! Barabara ya kwenda sokoni si ndiyo hiyohiyo ya kurudi nyumbani? Umeme ukija, karatasi inatikisika. Karatasi ikitikiswa, umeme unaondoka.

"Tutajuaje kama ni kweli?"

Napenda mtoto asiyekubali bure. Mwombeni fundi redio spika mbili alizokwisha kuzitoa. Ziungeni kwa nyaya mbili ndefu. Mmoja akae uani, sikio kwenye spika yake. Mwingine akae chumbani, agonge karatasi ya spika yake kwa kidole. Du, du, du! Wa uani atasikia, na betri haipo popote. Mwaka 1877 Alexander Graham Bell alikuwa na simu za namna hiyo: sauti ya msemaji yenyewe ndiyo iliyozalisha umeme wa kuisafirisha.

"Basi tuwashe taa ya nyumba, Mjomba!"

Hapo Bwana Spika anaomba radhi. Kidole kinasogeza karatasi milimita chache tu, na umeme unaotoka ni mdogo mno. Tena unageuza mwelekeo kila karatasi inapokwenda na kurudi. Spika kubwa ikisukumwa kwa haraka inaweza kumemetesha kitaa kidogo cha LED, basi.

Mimi nalipenda zaidi jaribio hili. Chukueni spika kubwa, isiyounganishwa na kitu chochote. Gongeni karatasi yake, msikilize. Sasa unganisheni ncha zake mbili kwa kipande cha waya, mgonge tena. Mlio umekuwa mfupi! Karatasi nayo imekuwa nzito kidoleni.

"Nani anaishika?"

Umeme wenu wenyewe. Mwanzo haukuwa na njia ya kuzunguka. Sasa mmeupa njia, unazunguka kwenye koili, na koili inakuwa sumaku inayopingana na msukumo wa kidole chenu.