Afisa ustawi akibisha hodi, usimfiche mtoto

Ni siku za bamvua. Maji yametoka mbali na wewe, mama wa Mchinga, umekwenda mwambani kutafuta pweza kabla bahari haijarudi. Mume yuko dago, wiki ya tatu sasa hajatuma kitu. Nyumbani umemwacha mtoto wa mwaka mmoja na nusu kwa dada yake wa miaka 9, ambaye leo hakwenda shule. Unaporudi unakuta wageni kibarazani: mhudumu wa afya wa hapo kijijini na afisa ustawi wa jamii. Jirani amepeleka taarifa.

"Watanichukulia mwanangu." Ndiyo inayokuja kichwani kwanza, na ndiyo inayofanya wengine wamkimbizie mtoto kwa bibi yake huku hali yake ikizidi kuwa mbaya.

Msomaji, jirani hakukufanyia fitina. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa za mtoto anayekosa chakula, matibabu au shule azifikishe serikali za mitaa. Afisa akizipata anaweza kumwita mzazi wazungumze. Hata shauri likifika mahakamani, ipo amri ya uangalizi: mtoto anabaki kwao, afisa anafuatilia. Kumwondoa ni kwa yule ambaye kubaki nyumbani ni hatari kwake.

Mpokee, basi, umweleze ukweli. Ukisema baba analeta matumizi kumbe haleti, hakuna atakayemfuatilia kwa ajili ya matunzo. Ukisema mtoto anakula mara nne, hutapata msaada wa chakula.

Mhudumu wa afya atamzungushia mtoto utepe kwenye mkono, juu ya kiwiko. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali. Kuanzia hapo hadi chini ya 12.5 ni wa kadiri. Wengi hudhani utapiamlo mkali lazima mtoto alazwe. Mwenye hamu ya kula na asiye na ugonjwa mwingine hutibiwa akiwa nyumbani kwa chakula dawa kutoka kituo cha afya, akirudishwa kupimwa. Chakula hicho ni dawa yake, si cha kugawana na ndugu zake. Lakini miguu yote miwili ikivimba, usifurahi kwamba amenenepa: mpeleke kituoni siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo akikataa kula au akilegea.

Baada ya hapo ndipo msaada wenyewe unapoanza, na hauna makubwa. Bamvua huja mara mbili kwa mwezi, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, kwa hiyo siku za kwenda mwambani zinajulikana mapema. Kaeni na afisa mpange: siku hizo mtoto atakaa kwa nani, uji nani atampa, dada yake atarudi shule lini. Maafisa ni wachache na kata ni kubwa. Asiporudi siku mliyopanga, mfuate ofisini. Na wao, kwa maoni yangu, wapunguze kuingia na daftari kabla ya salamu. Mama aliyeulizwa kama mshtakiwa hujibu kama mshtakiwa.

Kuna jambo moja ambalo kutembelewa nyumbani hakulimalizi. Mtoto akibakwa au kulawitiwa, msikae kikao cha ukoo. Mpeleke hospitali haraka, bila kumwogesha wala kufua nguo zake, kwani dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72. Polisi lipo Dawati la Jinsia na Watoto. Kama aliyefanya ni mtu wa humo ndani na unaogopa kuonekana ukienda, piga 116, simu ya mtoto. Haitozwi hata senti.