Sanduku la Hadithi za Kutisha

Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, msafiri wa Kilwa, Lindi au Mtwara hakuwa na budi kusimama Ndundu kungoja pantoni. Rufiji ikijaa, safari iligeuka kuwa kambi: mabasi na malori yakapanga foleni, akina mama wakainjika vyungu, na vijana wakapita baina ya magari wakiuza ndizi, karanga na magazeti ya hadithi. Sisi tuliokuwa wanafunzi mwanzoni mwa miaka ya 1990 tulisoma Ndundu mambo ambayo darasani hayakuwemo: mizimu iliyodai fidia, majini ya pwani, maiti waliorudi kudai mahari. Mwalimu wetu wa chuoni alipotukuta nayo aliyachana, nasi tukapata viboko vyetu. Hata hivyo, twakiri kwamba kasi ya kusoma tuliipata humo.

Ndugu msomaji, hadithi za namna hiyo hazikuanza jana. Muhammed Said Abdulla wa Unguja alimtoa Bwana Msa wake katika Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, kisha katika Kisima cha Giningi mwaka 1968, akitumia jina la mji wa wachawi ambalo kila mtoto wa visiwani amelisikia. Faraji Katalambula alifuata na Simu ya Kifo mwaka 1965, tena akashughulika na Film Tanzania, gazeti la hadithi za picha. Baadaye likaja Sani na vibonzo vyake, akina Ndumilakuwili na Lodilofa. Wakubwa hao wana majina, na vitabu vyao vimo katika maktaba. Tunaowasemea leo ni wadogo: mtu aliyeandika kisa chake mwenyewe, akakopa karatasi, akachapisha nakala chache katika mtambo wa uchochoroni, akazitia kikapuni na kuziuza stendi. Nyingi ya kazi hizo ziliishia kufungia maandazi.

Yupo mzee mmoja, jirani na kivuko cha zamani, aliyezikusanya. Alikuwa kibarua wa pantoni, na abiria aliposhuka akaacha gazeti kitini, yeye aliliokota. Kwa miaka mingi alijaza sanduku la bati. Watu wakamcheka, wengine wakanong'ona kwamba mtu hatunzi habari za mizimu bure, na sote twajua jinsi mnong'ono wa aina hiyo unavyoweza kumfikisha mzee pabaya. Mafuriko ya mwaka 2024 yakaingia nyumbani kwake. Tulipomtembelea alikuwa ameyatandaza magazeti juu ya jamvi, akiyabandua karatasi moja moja kwa upande butu wa kisu. Mengine yalikwisha kuwa donge la udongo.

"Hili ni la pili," alituambia, akiinua moja lisilo jalada. "La kwanza ninalo. La tatu sijaliona maisha yangu."

Ni kisa cha mvuvi anayeitwa kwa jina lake, usiku, kutoka ndani ya mikoko. Sehemu ya pili inakoma pale anapoitika.

Tunajua watakaouliza: je, kiongozi anayepiga vita ushirikina atatetea vipi karatasi za mizimu? Swali ni la haki. Visa vingi katika vile vilikuwa vibovu, na vingine vilimdhalilisha mwanamke pasipo haya. Lakini kutunza si kuamini. Katika wilaya hii hii, huko Ngarambe, wazee walisimulia jinsi Kinjikitile alivyovutwa bwawani na pepo Hongo, akatoka siku ya pili nguo zake zikiwa kavu. Mtu angeweza kuyaita hayo maneno ya kutishia watoto. Gilbert Gwassa alipowaendea wazee mwaka 1967 hakuyadharau, aliyaandika. Na leo hakuna anayesoma chanzo cha Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 akayapita. Hofu za watu ni habari za watu. Atakayetaka kujua abiria wa Ndundu aliogopa nini wakati wa ruksa na soko huria, ataisoma wapi kama si humo? Katika majalada ya ofisi hatutaikuta. Tumeyaandika wenyewe, twayajua.

Wachapishaji wanatakiwa kupeleka nakala Maktaba Kuu ya Taifa, ile iliyofunguliwa na Mwalimu Nyerere Desemba 1967. Mchapishaji wa kikapuni hakujua hata njia ya kufika huko. Kwa hiyo mzigo umeangukia watu kama mzee huyu, nao hawana rafu wala paa lisilovuja. Maofisa utamaduni na elimu wa Kibiti, Rufiji na Mafia hawahitaji bajeti mpya kwa jambo hili. Kabati moja la chuma, lililoinuliwa juu ya alama ya maji ya 2024, latosha kuanzia, pamoja na daftari la kuandika kila kilichomo na aliyekitoa. Mzee amekubali kutoa vyake, kwa sharti kwamba vijana waruhusiwe kuvisoma, visifungiwe tu.

Wenzetu wa Mafia na wa visiwa vya Delta, ambao jahazi ziliwafikishia mengi yaliyopita Ndundu, watazame darini na chini ya vitanda. Kisa cha mvuvi, sehemu ya tatu. Mzee anasema ataisoma kwa siku moja, kisha atairudisha.